"Huenda" Si Taarifa: Namna ya Kupima Hatari Pasipo na Hesabu

Hakuna siku ipitayo bila habari za hatari kumfikia askari. Aliye mpakani huambiwa kwamba watu wasiojulikana wameonekana ng'ambo ya mto. Aliye katika kituo cha polisi huambiwa kwamba huenda pakatokea fujo siku ya gulio. Aliye ziwani huambiwa kwamba upepo wa jioni si wa kuaminika. Habari hizo haziji na takwimu. Huja kwa maneno, na mara nyingi kwa maneno mepesi: huenda, labda, pengine, yasemekana. Hata hivyo, ni juu ya maneno hayo ambapo mkuu wa kikosi hupanga doria, huongeza au hupunguza walinzi, hutoa au huzuia likizo. Neno likiwa halina uzito unaojulikana, alipaye gharama si yule aliyeliandika mezani, bali ni yule aliyesimama lindoni usiku wa manane.

Wataalamu huigawa tathmini ya hatari katika mafungu mawili. Fungu la kwanza ni la hesabu. Kampuni ya bima ina kumbukumbu za ajali za magari za miaka mingi, na kutokana nazo yaweza kukisia kwa tarakimu ni ajali ngapi zitakazotokea mwakani. Fungu la pili ni la maelezo. Hili hutumika pale ambapo tukio ni la nadra, au kumbukumbu hazikuwekwa, au adui ni mtu mwenye akili, abadilishaye mbinu zake kila ajuapo kwamba anatazamwa. Hapo mpimaji hana budi kutumia sifa badala ya idadi: hatari kubwa, ya kadiri au ndogo; mleta habari wa kuaminika au wa kutiliwa shaka.

Wako wadhanio kwamba njia hii ya pili ni kubahatisha tu. La hasha. Daktari, mhandisi wa kiwanda, mchunguzi wa volkano na afisa wa upelelezi wote huitumia kila siku. Lakini ina masharti yake. Yakishikwa, njia hii huokoa roho za watu. Yakipuuzwa, ripoti nzuri huwa karatasi tu.

NENO NA UZITO WAKE

Sharti la kwanza ni kwamba mwandishi na msomaji waelewane juu ya neno. Mwezi Machi 1951 idara ya upelelezi ya Marekani ilitoa taarifa juu ya Yugoslavia, ambayo wakati huo ilikuwa imefarakana na Urusi ya Stalin. Taarifa hiyo ilisema kwamba shambulio juu ya Yugoslavia mwaka huo lihesabiwe kuwa ni jambo liwezekanalo kwa dhati. Sherman Kent, mwalimu wa historia wa Chuo Kikuu cha Yale aliyekuwa miongoni mwa waandishi wake, aliulizwa na afisa mmoja wa wizara ya mambo ya nchi za nje maana ya maneno hayo. Yeye mwenyewe aliyachukua kuwa ni kama 65 katika 100. Afisa yule alishtuka, kwa kuwa alikuwa ameyafahamu kuwa ni kiasi kidogo zaidi. Kent akawauliza wenzake waliokaa naye meza moja na kukubaliana juu ya sentensi ile ile. Wengine walikuwa na maana ya 80 katika 100, na wengine 20 katika 100. Wote walikuwa wametia sahihi neno moja, na kila mmoja alikuwa na ripoti yake kichwani.

Kosa la namna hiyo halikuishia mezani. Mapema mwaka 1961 wakuu wa majeshi ya Marekani waliombwa waupime mpango wa kuwapeleka wakimbizi wa Kikuba kuivamia nchi yao. Waliandika kwamba mpango huo una nafasi ya kutosha ya kufaulu. Jenerali aliyehusika na kuliandika neno hilo alieleza baadaye kwamba maana yake ilikuwa kama 30 katika 100, yaani kushindwa kulielekea zaidi kuliko kushinda. Viongozi wa serikali walioisoma karatasi hiyo walilifahamu neno "kutosha" kuwa ni la kutia moyo. Tarehe 17 Aprili 1961 watu wapatao 1,400 waliteremshwa katika Ghuba ya Nguruwe. Zaidi ya 100 waliuawa, na zaidi ya 1,100 walitekwa katika muda wa siku chache.

Sisi tusemao Kiswahili tuna utajiri wa maneno ya namna hii, na utajiri huo ni mtego. Mkulima atazamaye mawingu akasema "huenda ikanyesha" aweza kuwa tayari kupanda. Mdeni akuambiaye "labda kesho" ana maana kwamba usije. Bibi harusi aulizwaye na kujibu "pengine" amekwisha kukubali. Katika mazungumzo ya kawaida, sauti na uso wa msemaji hutufunulia maana. Katika ripoti ya kikosi hakuna sauti wala uso. Limebaki neno peke yake.

Kent alipendekeza dawa katika makala yake ya mwaka 1964: kila neno lipewe kipimo chake, na wote wakijue. Kwa lugha yetu twaweza kuyapanga hivi. "Karibu yakini" iwe kama 93 katika 100, ikiongezeka au kupungua kwa 6. "Yaelekea" iwe kama 75, zaidi au pungufu kwa 12. "Nusu kwa nusu" iwe 50, zaidi au pungufu kwa 10. "Haielekei" iwe kama 30, zaidi au pungufu kwa 10. "Karibu muhali" iwe kama 7, zaidi au pungufu kwa 5. Tarakimu hizo ni zake Kent; maneno ni yetu. Siku hizi idara za upelelezi za Marekani zimewekewa kwa amri kipimo cha namna hii chenye daraja saba. Ama "huenda", "labda" na "pengine", hayo yabaki barazani. Katika mstari wa mwisho wa ripoti hayana kazi, maana hayamwambii mkuu wa kikosi lolote asilolijua.

UWEZEKANO NI KITU KIMOJA, MADHARA NI KINGINE

Sharti la pili ni kutenganisha maswali mawili ambayo watu wengi huyachanganya. La kwanza: je, jambo hili laelekea kutokea? La pili: likitokea, litatufanya nini? Jambo laweza kuwa karibu muhali, na bado likastahili kuandaliwa kuliko jambo litokealo kila wiki.

Tarehe 21 Agosti 1986, Ziwa Nyos katika Kameruni lilitoa wingu la hewa ya ukaa usiku, na watu wapatao 1,700 wakafa, wengi wao wakiwa usingizini. Ni tukio la nadra mno duniani. Lakini Ziwa Kivu, lililo kati ya Rwanda na Kongo, nalo limeficha ndani ya maji yake hewa ya ukaa na methani kwa wingi usiolinganishwa na ule wa Nyos, na kandokando yake wanakaa watu wengi mno. Mwenye kuuliza swali la kwanza tu atasema: haielekei, basi tulale. Mwenye kuuliza yote mawili atasema: haielekei, lakini ziwa lipimwe daima.

Mfano wa tathmini iliyofanywa ipasavyo tunao karibu nasi. Tarehe 1 Agosti 2018 ugonjwa wa Ebola ulitangazwa katika Kivu ya Kaskazini. Mwishoni mwa Septemba mwaka huo Shirika la Afya Duniani lilipandisha kipimo cha hatari kwa nchi za jirani kutoka "kubwa" hadi "kubwa sana". Kipimo hicho kilikuwa cha maelezo: kiliangalia watu wavukao mpaka kila siku kwenda sokoni na kuwatembelea ndugu, kiliangalia vita vilivyowazuia waganga kuwafikia wagonjwa, na kiliangalia uwezo wa hospitali. Hapakuwa na mgonjwa hata mmoja upande wa Uganda. Hata hivyo, tangu Novemba 2018 Uganda ilianza kuwachanja watumishi wa afya, na kabla mgonjwa wa kwanza hajaingia wapatao 4,700 walikuwa wamechanjwa. Vipimo vya joto vikawekwa mipakani, na vijiji vikaelezwa dalili.

Tarehe 11 Juni 2019 mtoto wa miaka 5 aliyetoka Kongo alithibitishwa wilayani Kasese kuwa ana ugonjwa huo. Yeye, nyanya yake na mdogo wake wote walifariki, nasi twawalilia. Lakini ugonjwa haukuenea kwa watu wa Uganda. Upande wa pili wa mpaka, hadi mlipuko ulipotangazwa kwisha tarehe 25 Juni 2020, watu 2,287 walikuwa wamekufa. Askari polisi aliyesimama penye beseni la maji ya dawa mpakani kwa miezi saba bila kuona mgonjwa yeyote hakupoteza wakati wake.

KUSALIMIKA JANA SI USHAHIDI

Hapa hapana budi tutaje adui mkubwa wa tathmini ya maelezo, naye ni mazoea. Mtu afanyapo jambo la hatari mara kumi akasalimika, hudhani kwamba amethibitisha kuwa si la hatari. Kumbe amethibitisha tu kwamba siku yake haijafika.

Tarehe 28 Januari 1986 chombo cha Marekani cha safari za anga, Challenger, kilivunjika kikiwa juu angani sekunde 73 baada ya kuruka, na watu wote 7 wakafa. Mipira ya kuzibia viungo vya roketi zake ilikuwa imeonekana imeliwa na moto katika safari za nyuma. Kwa kuwa vyombo vilirudi salama, kasoro ile ilianza kuhesabiwa kuwa ya kawaida. Usiku wa kuamkia safari, wahandisi wa kampuni iliyotengeneza roketi hizo walionya kwamba baridi ya asubuhi ingeifanya mipira kuwa migumu. Wakubwa wao waliwapinga. Katika uchunguzi uliofuata, mwanafizikia Richard Feynman alionyesha kwamba wahandisi walikuwa wakikadiria ajali moja katika safari kama 100, ilhali wakuu wa utawala walikuwa wakisema moja katika safari 100,000. Chombo kilikuwa kimoja. Makisio yalitofautiana mara elfu moja.

Tusidhani kwamba jambo hili ni la watu wa roketi peke yao. Tarehe 21 Mei 1996 meli MV Bukoba, iliyojengwa kuchukua abiria 430, ilizama karibu na Mwanza na kuangamiza mamia ya watu. Tarehe 20 Septemba 2018 kivuko MV Nyerere, ambacho uwezo wake ulikuwa abiria 101, kilipinduka karibu na kisiwa cha Ukara, na watu zaidi ya 220 wakafa. Kila askari aliyewahi kufanya kazi bandarini ajua jinsi mazoea yanavyosema: juzi walizidi na wakafika, jana walizidi na wakafika. Ndiyo maana askari polisi amzuiaye abiria wa mia na mbili asipande huonekana mtu mgumu. Kwa hakika yeye ndiye mpimaji wa hatari wa mwisho kabla ya maji.

DARAJA YA HABARI NA SAUTI YA MDOGO

Sharti la tatu ni kuipima habari mbali na kumpima aliyeileta. Tangu zamani majeshi mengi yametumia kipimo cha sehemu mbili, chenye asili yake katika jeshi la wanamaji la Uingereza. Mleta habari hupewa herufi, kuanzia A kwa aliye mwaminifu kabisa hadi F kwa ambaye haiwezekani kumpima. Habari yenyewe hupewa tarakimu, kuanzia 1 kwa iliyothibitishwa na wengine hadi 6 kwa isiyopimika. Faida yake ni kubwa. Mtu mwaminifu aweza kuleta habari ya uongo aliyodanganywa. Mlevi wa kilabuni aweza kuleta habari ya kweli. Asiyetenganisha mambo haya mawili humsadiki rafiki na kumpuuza mgeni, na adui hulijua jambo hilo.

Kosa jingine la namna hii ni kuipima habari kwa cheo cha aliyeisema. Mwishoni mwa Septemba na mwanzoni mwa Oktoba 1973 majeshi ya Misri yalikuwa yakikusanyika karibu na Mfereji wa Suez, kwa kisingizio cha mazoezi. Wakuu wa upelelezi wa Israeli walishika wazo moja: kwamba Misri haitaanza vita mpaka ipate ndege na makombora ya kuifikia Israeli kwa mbali. Kila dalili mpya ilikunjwa mpaka ikaenea ndani ya wazo hilo. Luteni mmoja wa upelelezi katika kamandi ya kusini, Benjamin Siman-Tov, aliandika tarehe 1 Oktoba na tena tarehe 3 Oktoba kwamba mazoezi yale yaweza kuwa pazia la vita vya kweli. Mkubwa wake hakuyapeleka mbele maandishi hayo. Tarehe 5 Oktoba taarifa ya upelelezi ilizitaja dalili nyingi za vita, kisha ikahitimisha kwamba uwezekano wa vita ni mdogo. Siku ya pili yake, saa 8 mchana, Misri na Syria zilishambulia.

Tume ya uchunguzi iliyoongozwa na jaji Shimon Agranat iliwalaumu wakuu hao, na baadaye idara ile ikaunda kitengo ambacho kazi yake ni kupinga tu: kulitazama kila wazo linalokubaliwa na wengi na kutafuta lilipo na tundu. Hata hivyo chombo peke yake hakitoshi kama masikio yamezibwa. Tarehe 7 Oktoba 2023, miaka 50 na siku moja baadaye, wapiganaji wa Hamas waliuvunja ua wa Gaza, na watu wapatao 1,200 wakauawa nchini Israeli. Vita vilivyofuata viliua makumi ya maelfu ya Wapalestina. Ilidhihirika kwamba askari vijana wa kike waliokaa mbele ya vioo vya ulinzi walikuwa wameripoti mienendo isiyo ya kawaida karibu na ua, na kwamba wakuu walishikilia wazo kuwa upande wa pili haukutaka vita vikubwa. Uchunguzi wa jeshi lenyewe uliotolewa Februari 2025 ulikiri kwamba lilishindwa kuwalinda raia.

Fundisho kwetu ni hili: ripoti ya kikosi iwe na mstari mmoja wa maoni ya aliyepinga, hata akiwa koplo. Hilo si utovu wa nidhamu. Nidhamu ni kutii amri ikishatolewa. Kabla amri haijatolewa, kunyamaza ni kumnyima mkuu wako jicho.

MASWALI YA KIWANDANI YALETWE LINDONI

Katika miaka ya 1960 wahandisi wa kampuni ya kemikali ya ICI ya Uingereza waliona kwamba viwanda vyao vimekuwa vikubwa na vya hatari kuliko mtu mmoja awezavyo kuviweka kichwani. Wakabuni njia ambayo nguvu yake yote imo katika maneno machache. Wataalamu wa kazi mbalimbali hukaa pamoja, wakachukua mchoro wa kiwanda, na kwa kila bomba wakauliza: je, kisipopita kitu? Kikipita zaidi? Kikipita pungufu? Kikirudi kinyume? Kikipita kitu kingine? Kwa kila swali huandikwa sababu, madhara na kinga.

Ubaya wa kutouliza ulionekana huko Flixborough, Uingereza, tarehe 1 Juni 1974. Katika kiwanda cha kemikali tangi moja kati ya sita lilipata ufa, likaondolewa, na mahali pake pakaunganishwa kwa bomba la muda. Cheo cha mhandisi mkuu wa kiwanda kilikuwa wazi. Mchoro wa bomba ulichorwa kwa chaki katika sakafu ya karakana. Hakuna aliyeketi na kuuliza maswali. Miezi miwili baadaye bomba lilipasuka, na watu 28 wakafa. Wangekuwa wengi zaidi kama siku hiyo isingekuwa Jumamosi.

Njia hii haihitaji mashine wala shahada. Mkuu wa lindo aweza kuwakusanya askari wake kwa nusu saa na kuuliza. Je, redio ikinyamaza? Je, wakija watu zaidi ya tuliowatarajia? Je, zamu ikipungukiwa na mtu mmoja mgonjwa? Je, gari la msaada likichelewa saa tatu? Je, atakayekuja amevaa sare kama yetu? Je, hatari ikitoka nyuma, upande wa kijiji, badala ya mbele? Swali likikosa jibu, ndipo penye kazi ya kesho asubuhi. Askari wa cheo cha chini ndiye atakayejibu vizuri kuliko wote, kwa kuwa yeye ndiye ajuaye kwamba betri ya redio hufa saa 9 za usiku.

ONYO PASIPO NA HATUA

Sharti la nne ni kwamba tathmini ikamilike kwa kitendo. Tarehe 2 Aprili 2015 magaidi wa Al-Shabaab walishambulia Chuo Kikuu cha Garissa, Kenya, na kuua watu 148, wengi wao wanafunzi. Siku chache kabla yake Chuo Kikuu cha Nairobi kilikuwa kimewatahadharisha wanafunzi wake, na maonyo juu ya mashambulio dhidi ya vyuo yalikuwa yakisikika. Onyo lilikuwapo, lakini onyo lililosambaa kama ukungu halimkingi mtu. Hatari ikisemwa kuwa iko kila mahali, kila mmoja hudhani kwamba inamhusu jirani yake. Onyo lililokamilika hutaja mahali, muda, mtendaji, na jambo la kutendwa.

Kwa upande mwingine, yako mambo ambayo hayatatupa onyo hata tukitaka. Jioni ya tarehe 22 Mei 2021 mlima Nyiragongo ulipasuka bila tahadhari kutolewa, na moto wake ukateremka mpaka kandokando ya mji wa Goma. Kituo cha kuchunguza volkano cha mji huo kilikuwa kimepungukiwa na fedha. Lakini wataalamu waliochunguza baadaye walionyesha pia kwamba dalili za kupasuka zilikuwa fupi na hafifu mno. Hapo fundisho ni kwamba kinga isingojee dalili: njia za kukimbilia zijulikane, na kila mtaa ujue uelekee wapi, wakati mlima ungali umetulia.

Wakosoaji watauliza: je, tukionya mara kwa mara na jambo lisitokee, watu hawatachoka kutusikiliza? Swali hili ni la haki. Mwezi Mei 1973 Israeli iliita askari wake wa akiba kwa hofu ya vita. Vita havikuja, gharama ikawa kubwa, na jambo hilo likawafanya wakuu wasite mwezi Oktoba. Kadhalika tarehe 27 Mei 2021 serikali ya Kongo iliamuru mitaa 10 ya Goma ihamwe kwa hofu ya mlipuko wa pili. Mamia ya maelfu ya watu walitembea kwenda Sake, Rwanda na kwingineko, wakateseka kwa kukosa maji na malazi, na mlipuko wa pili haukutokea.

Je, amri ile ilikuwa kosa? Haifai kuihukumu kwa yale yaliyojulikana Juni. Ihukumiwe kwa yale yaliyojulikana usiku ule: ardhi ilikuwa ikitetemeka, nyufa zilikuwa zimeonekana mjini, na moto wa chini ya ardhi ulidhaniwa kufika chini ya ziwa lenye hewa ya sumu. Tathmini njema si ile iliyobahatika kutimia, bali ni ile iliyosema uzito wake kwa uwazi. Mtu aliyeambiwa "nusu kwa nusu, lakini likitokea tutakufa wote" hatamwita aliyemwonya mwongo asubuhi ikifika salama. Aliyeambiwa "mlipuko unakuja" atamwita hivyo, na siku nyingine hatatoka.

RIPOTI YA MISTARI SITA

Tuyakusanye haya katika mfano wa kubuni. Mkuu wa lindo la ziwani aandika: "Huenda maadui au watu wa magendo wakapita sehemu yetu siku za usoni. Askari wote wawe macho." Ripoti hiyo haina uongo, wala haina faida. Sasa asome nyingine:

"Usiku wa Jumatatu na wa Jumatano, kati ya saa 7 na saa 9, mitumbwi miwili isiyo na taa ilitia gati mashariki ya kijiji. Aliyeiona ni mlinzi wetu mwenyewe. Mvuvi mmoja, ambaye hatujapata kumpima, asema ilichukua mafuta ya petroli. Yaelekea ni magendo. Haielekei kuwa ni watu wenye silaha. Lakini wakiwa ndio, lindo la watu wanne halitawazuia, na kijiji kina watu mia tatu. Twaomba askari sita na redio ya pili kabla ya Ijumaa magharibi. Koplo wa zamu hakubaliani nasi: asema wafanya magendo hawaji mahali pamoja mara mbili katika wiki moja."

Imesema kilichoonekana, nani alikiona na thamani ya neno lake, inavyodhaniwa na kwa uzito gani, madhara yakitokea, hatua na saa yake, na maoni ya aliyepinga. Ni mistari sita. Mkuu wa batalioni aweza kukubali au kukataa, lakini hawezi kusema kwamba hakuambiwa. Naye koplo, hata akishindwa kwa hoja, ameandikwa.

Ndugu askari na polisi, hesabu tutazipata pale zipatikanapo, nasi tuzitumie. Lakini mpakani, ziwani na sokoni tutaendelea kupima hatari kwa maneno, kwa kuwa ndiyo mizani tuliyo nayo. Mizani haina budi kuwa na mawe yanayojulikana. Kabla hujatia sahihi ripoti ya leo, tazama kila "huenda" iliyomo, ujiulize ni 20 au ni 80 katika 100, kisha uandike hivyo. Mwenzako atakayelinda usiku huu atapanga pumzi yake kwa neno hilo.